Virusi vya kuiba nywila: Defender, Malwarebytes au kupiga Windows upya?

MwenyeSteshenari (Morogoro)
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo, na kompyuta moja ya Windows 10 ndiyo inayonilisha. Wiki mbili zilizopita nilishusha programu ya kubuni kadi za harusi, ya kraki (iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa), na maelekezo yake yalisema nizime antivirusi kwanza. Nikazima. Siku ya tatu wateja wakaanza kunipigia: akaunti yangu ya biashara inawaomba pesa. Nilikagua kwa Defender, antivirusi inayokuja na Windows, ikashika kitu chenye jina la RedLine, ikakiondoa. Usiku uleule nikabadilisha nywila zote. Kesho yake wakaingia tena.

Nashauriwa mambo matatu: nikague tena kwa Defender, niweke Malwarebytes (programu nyingine ya kusaka virusi), au nipige Windows upya, yaani niifute na kuisakinisha tena. Kwenye diski D nina kazi za wateja za miaka 4. Nifuate lipi?

FundiMsimbazi
Pole sana mkuu. Usikimbilie kufuta. Ukaguzi wa kawaida wa Defender unafanyika Windows ikiwa inatembea, na virusi navyo viko macho. Jaribu ule wa nje ya Windows: kompyuta inajizima, inawaka, inajikagua kabla Windows haijaamka. Ni kama dakika 15.

Kabla ya hapo fungua orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isiviguse. Nimeletewa kompyuta ambazo diski C yote imeandikwa humo. Hapo utakagua hadi kesho na hutaona kitu. Malwarebytes ya bure naitumia kama jicho la pili. Inakagua ukiiagiza, ila muda wa majaribio ukiisha haikai mlangoni kukulinda.

DadaMifumo
Kaka, sababu ya wao kuingia tena umeitaja mwenyewe: ulibadilisha nywila kwenye kompyuta ileile.

RedLine ilianza kuonekana mwaka 2020, na kazi yake si kuharibu kompyuta. Inasomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kuki na namba za kadi, inazituma kwa wenyewe. Kivinjari kinazifunga nywila hizo kwa ufunguo ulioshikamana na akaunti yako ya Windows, kwa hiyo programu uliyoiwasha wewe inapata njia ya kuufikia kwa jina lako. Chrome waliongeza kufuli jingine mwaka 2024, na haikuchukua muda wezi wakapata pa kupitia. Kuki ndizo zinazoniumiza zaidi. Kuki ni alama inayoiambia tovuti kwamba huyu ameshaingia. Mwizi akiwa nayo mara nyingi haulizwi nywila wala namba ya SMS.

Halafu RedLine inaweza kushusha na kuwasha programu nyingine. Defender imemkamata aliyefungua mlango wa nyuma. Waliopita humo huwajui idadi. Ndiyo maana mimi nakagua ili nijue mashine inaumwa nini, lakini sikubali kwamba imepona kwa sababu tu ukaguzi umetoka safi. Kompyuta yako inapitisha vitambulisho na vyeti vya watu. Piga Windows upya.

Na usitegemee kwamba RedLine imekwisha. Ni kweli Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi, FBI na wenzao walizivamia seva zake. Lakini nywila iliyokwisha kuuzwa hairudi.

MwanaKisauni (Mombasa)
Mimi sikugusa kraki na bado yalinifika. Ukurasa uliniambia nithibitishe kuwa mimi si roboti: nibonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Kumbe ukurasa ulikuwa umeshaninakilia amri ya PowerShell (programu ya Windows ya kuendeshea amri za maandishi), na mimi ndiye niliyeibandika na kuiwasha kwa mkono wangu. Ilikuwa Lumma, mwizi wa nywila kama RedLine. Microsoft walipoishambulia Mei 2025 walisema wamehesabu kompyuta zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa kwa miezi miwili tu.

Nilirejesha Windows kwa ile njia ya kubakiza mafaili. Nilipoingia tu kwenye Chrome, kiendelezi (kiprogramu kinachoongezwa kwenye kivinjari) nisichokijua kikarudi chenyewe kutoka kwenye akaunti. Kwa hiyo ukishapiga Windows, kagua viendelezi kimoja kimoja.

MwenyeSteshenari
Asanteni sana. Na kazi zilizoko D? Hizo siwezi kuzipoteza, ni za watu.

FundiMsimbazi
DadaMifumo amenishawishi, kwa biashara yako nami naona tupige upya. Nakili nyaraka na picha tu kwenye diski ya nje. Programu na mafaili ya kusakinisha yaache yafe. Washa Windows ikuonyeshe majina kamili ya mafaili, maana "kadi.pdf" inaweza kuwa "kadi.pdf.exe".

Kwa kusakinisha Windows, flashi ya GB 8 inatosha, ila itengenezwe kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, Windows ishushwe kutoka Microsoft wenyewe. Usinunue flashi iliyokwisha kutengenezwa mtaani. Wakati wa kusakinisha futa vipande vyote vya diski. Kama Windows yako ilikuwa halali, itajitambua ikipata intaneti. Kama mashine inakubali Windows 11, hamia huko, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

DadaMifumo
Kabla hujagusa flashi, kaka, chukua simu. Anza na barua pepe, kwa kuwa nywila nyingine zote zinarejeshwa kupitia hiyo. Toa vifaa vyote vilivyoingia, hapo kuki waliyoiba inakufa. Badilisha nywila. Kisha tazama namba ya simu ya kurejesha akaunti kama ni yako, na kama kuna kanuni za kuhamisha barua.

MwenyeSteshenari
Nimeanza na simu kama dada alivyosema. Kwenye barua pepe nimekuta kanuni inayotupa kila barua ya benki kwenye takataka. Sikuiweka mimi. Nimeifuta na nimewapigia benki. Jirani ameniazima kompyuta yake, Windows inashuka sasa hivi. Wateja nimewapigia mmoja mmoja. Mama mmoja alikuwa ameshatuma pesa. Jumatatu nampelekea za kwake.