Tupeane uzoefu: kabla ya kuposti picha yako huwa unaediti nini, na kwa ajili ya nani?

Mtoa mada
Wakuu, habari za jioni. Napiga picha za sherehe hapa Mbeya. Nasikia sana kwamba anayeediti picha hajikubali. Kazini naona mengine. Taa za ukumbi zikiwa za zambarau, ngozi nyeusi inatoka kama imepakwa majivu, na bibi harusi aliyelipa pesa nzuri ya kurembwa anaonekana mgonjwa. Nikirekebisha rangi hapo namrudisha alivyokuwa. Ila wapo pia wa "nipunguzie mikono", na wanaume (wengi kuliko mnavyodhani) wa "toa kitambi, shati libaki". Haya, wewe unagusa nini?

Dada wa Muscat
Niko Oman, kazi za ndani. Naangaza uso na kujaza mashavu kidogo ndipo naweka stetasi. Mama yuko Tanga, mambo ya laiki hayajui, anachoangalia ni kama nimekonda. Kuna kipindi niliumwa, nikaweka picha kama ilivyo. Alinipigia mpaka usiku wa manane, presha ikapanda, majirani wakamkimbiza hospitali. Tangu hapo haitoki picha bila filta. Shoga zangu wanasema najishaua, waache waseme. Jiko la tajiri nalo nalikata lisionekane. Hilo si la mama, ni langu mwenyewe.

Kipanga
Mimi siediti. Simu inaediti yenyewe.

Mtoa mada
Kipanga, huo ndio ukweli. Simu nyingi zinakuja na ulainishaji wa ngozi umeshawashwa kwenye kamera ya mbele, ingia ushushe mpaka sifuri. Na wanaolalamikia pua: ukijipiga selfi uso uko karibu mno na kamera, kwa hiyo kilichotangulia kinaonekana kikubwa. Mpe mtu asogee hatua mbili tatu akupige, pua inarudi saizi yake.

Mzee wa Feri
Vijana mnadhani mmeanza nyinyi. Miaka ya 1990 pale Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vya maua ya plastiki na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa. Mtu katoka bara kutafuta kibarua, analala kwa kubanana, lakini picha inayokwenda kwao imemweka kando ya ndege. Na kwenye studio za zamani fundi alikuwa na penseli yake, anagusa negativu, ile filamu inayotolewa picha, chunusi kwisha.

Mama Vitenge
Mie sura yangu siigusi, naediti mzigo. Filta ikizidi, mteja anasema aliagiza nyekundu kaletewa damu ya mzee. Naweka kitenge kando ya simu, navuta rangi mpaka vifanane.

Kipanga
Mtoa mada, kumtoa mtalaka wangu kwenye picha ya harusi ya dada ni bei gani?

Mtoa mada
Akiwa amesimama pembeni, elfu tano. Akiwa amekushika kiuno, njoo PM tuongee.