Ujumbe upi uende kwa simu, upi kwa barua, upi kwa mdomo?

Msimamizi wa ghala, Mtwara Mjini
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninasimamia ghala la korosho ambalo mawasiliano yake yote, yaani zamu, makosa, likizo na hata misiba, hupita katika kundi moja la WhatsApp. Juma lililopita nilimwonya humo karani wa mizani kwa kuchelewa, wenzake wakasoma, na tangu siku hiyo hazungumzi nami ila kwa lazima. Siku mbili baadaye niliandika saa tatu usiku kwamba malori kutoka Tandahimba yangeingia alfajiri; wapakuzi watano hawakutokea kwa sababu bando zao zilikuwa zimekwisha. Naomba uzoefu wenu: ni ujumbe gani upelekwe kwa njia ipi?

Katibu muhtasi mstaafu, Lindi
Marahaba, mwanangu. La malori litarekebishika upesi. La karani ndilo linalonisumbua. Mtu anayekosolewa mbele ya wenzake hasikii tena kosa lake, anasikia aibu tu. Mwite ofisini, mkae wawili, umsikilize kwanza, kwani huenda anauguza. Ukiona onyo bado linastahili, liandike kwa barua, asaini kwamba amelipokea, na nakala ibaki katika jalada lake. Kwa maamuzi ya ndani, sisi wa masjala, yaani ofisi ya majalada, tulitumia dokezo, yaani maandishi mafupi yanayopitishwa ndani ya ofisi: kila lilikopita, mhusika aliandika maoni yake, saini na tarehe, hivyo hata baada ya miaka mtu aliweza kufuata jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Tena, kwa kuwa ulimwaibisha hadharani, mwombe radhi hapo hapo hadharani.

Mpakuzi, Nachingwea
Kaka, wengi wetu tunatumia kitochi, na WhatsApp hatuna kabisa. Mzigo wa usiku upigiwe simu: mpigie kiongozi wa kikosi, naye awapigie watu wake na kukurudishia jibu nani anakuja. Ratiba ya wiki ibandikwe mlangoni.

Afisa rasilimaliwatu, Mtwara
Ninakubaliana na Mama karibu kwa yote, isipokuwa radhi ya hadharani: mwulize karani kwanza, kwa maana huenda hataki jambo hilo lifufuliwe. Kuhusu barua, baadhi ya mambo hayako katika hiari yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya kusitisha ajira iwe ya maandishi, ikitaja sababu na tarehe, na kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, isipungue siku 28. Ugonjwa wa mtumishi usiandikwe kundini hata kama nia yako ni kuomba wenzake wamchangie. Taarifa za afya ni zake, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uzito wa mizigo na namba za stakabadhi zipelekwe kwa barua pepe, kwani tarakimu zikisomwa kwa simu hukosewa kwa urahisi.

Msimamizi wa ghala, Mtwara Mjini
Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimezungumza na karani. Kumbe mama yake amelazwa, naye alishindwa kunieleza kwa kuwa nilikwisha kuandika. Ameniomba nisiandike chochote kundini, nami nimekubali. Zamu yake tumeisogeza hadi saa tatu.