Timu iliyoburuza mkia ikipata namba 1: imchukue kwotabeki wa chuo au iuze nafasi?

Mleta mada, Minneapolis

Wakuu, heshima kwenu. Drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ikikaribia kila Aprili, kijiweni kwetu kuna ugomvi ambao haujawahi kuisha. Leo naumwaga hapa.

Kwa wageni wa mchezo huu: timu ziko 32, drafti ina raundi 7, na timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo huchagua kwanza kijana kutoka vyuoni. Ikipenda inaweza kuiuza nafasi hiyo kwa timu nyingine, ikalipwa wachezaji au nafasi nyingine za kuchagua. Kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira karibu kila mchezo unapoanzishwa, na ndani ya sekunde tatu hivi lazima awe ameshaamua: amrushie nani, akimbie nao, au autupe nje. Ukiwa naye unaota ubingwa. Ukimkosa, unahesabu miaka.

Msimamo wangu ni kwamba timu mbovu iuze. Vipaji vya hawa vijana sivibishii. Ninachobisha ni mizani inayowapima, maana inakosea mno, na ikikosea anayelipa ni kijana wa miaka 22 anayeitwa garasa nchi nzima.

Angalieni Carolina, 2023. Chicago walikuwa na namba 1, wakawauzia Carolina. Walipewa nafasi mbili za mwaka uleule, nafasi ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na juu yake mpokeaji bora wa pasi wa Carolina, DJ Moore. Carolina wakamchukua Bryce Young wa Alabama. Halafu wakamweka nyuma ya ukuta wa walinzi wake wa mbele uliokuwa ukivuja kila wiki, tena bila yule mpokeaji waliyemtoa. Mechi 17, ushindi 2. Kocha akafukuzwa kabla msimu haujaisha. Na ile nafasi ya 2024 waliyoiuza ikawa namba 1 tena, ikaenda Chicago, wakamchagua Caleb Williams. Msimu uliofuata Young akapigwa benchi baada ya mechi mbili tu.

Washington nao, 2012: walitoa raundi za kwanza tatu na ya pili moja ili wampate Robert Griffin III. Kijana akawaka kweli mwaka wa kwanza, goti likaumia kwenye mechi ya mtoano Januari 2013, na hakurudi kuwa yule. Drafti ileile, raundi ya nne, walikuwa wamemchukua Kirk Cousins, akaja kuongoza timu hiyo kwa miaka.

Cade Massey na Richard Thaler, watafiti wa uchumi na maamuzi, walichambua drafti za miaka mingi. Walikuta kwamba mchezaji aliyechaguliwa mapema humzidi anayefuata kuchaguliwa katika nafasi yake ya uchezaji kwa uwezekano unaopita nusu kidogo tu. Sasa kwa nini mtu atoe mavuno ya miaka mitatu kwa kurusha shilingi? Nawasilisha.

Mchangiaji, Dallas

Mkuu, umechagua mifano iliyokufaa, acha nilete ya upande wa pili.

Cincinnati walishinda mechi 2 mwaka 2019, wakapata namba 1, wakamchukua Joe Burrow. Mwaka wa kwanza goti lilichanika. Mwaka wa pili akawafikisha Super Bowl, fainali ya ligi. Na huo ukuta unaousema? Msimu wa 2021 aliangushwa na mpira mkononi mara 51, zaidi ya kwotabeki yeyote kwenye ligi. Kwenye mtoano kule Nashville aliangushwa mara 9, bado wakashinda 19 kwa 16. Kijana mwenyewe alikuwa na kitu, na kitu hicho kilionekana akiwa chuoni LSU.

Nenda nyuma zaidi. Peyton Manning, namba 1 mwaka 1998: msimu wa kwanza pasi zake 28 zilinaswa, rekodi ya wachezaji wapya, na Indianapolis wakashinda mechi 3 tu. Mwaka uliofuata wakashinda 13. Wangeiuza nafasi ile leo tungewahesabu wajinga.

Halafu kuna hela, ambayo hukuigusa. Zamani hofu yako ilikuwa na mantiki: Sam Bradford, namba 1 wa 2010, alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajarusha hata pasi moja. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji ulipokuja 2011, Cam Newton, naye namba 1, alipata kama milioni 22 kwa miaka minne. Kwotabeki mpya siku hizi ni rahisi mno ukilinganisha na mkongwe. Akiiva mapema, hela inayobaki unanunulia ulinzi mzima. Na ukishauza nafasi, huyo wa kurusha mpira utamtoa wapi?

Mchangiaji, Columbus, Ohio

Wadau, mimi ni kocha msaidizi wa timu ya sekondari huku, kwa hiyo saa zangu nyingi zinaishia kwenye picha za mechi. Naona mnabishana bei kabla ya kukubaliana mzigo unapimwaje.

Vinavyopimwa mjini Indianapolis kwenye majaribio ya kila mwaka ya vijana wanaoingia drafti ni vile vinavyopimika kirahisi: urefu, uzito, upana wa kiganja, mbio za yadi 40. Tom Brady alikimbia hizo yadi 40 kwa sekunde 5.28, akachaguliwa wa 199 mwaka 2000, akaondoka na mataji saba. JaMarcus Russell alikuwa na mkono wa kumstaajabisha kila mtu, akawa namba 1 mwaka 2007, na baada ya misimu mitatu hakuwa na timu. Kwa miongo walipewa pia mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12. Ligi ikauacha 2022. Mwaka uliofuata ukaja ubishi wa jaribio jingine la kompyuta, matokeo yakavuja yakidai C.J. Stroud yuko chini. Akachaguliwa wa pili na Houston, akawa mchezaji mpya bora wa ushambuliaji.

Chuo nacho kinaficha mengi. Ile mistari midogo inayoamua mpira unaanzia wapi iko mbali zaidi na katikati kuliko ya NFL, kwa hiyo upande mmoja wa uwanja unabaki mpana na wapokeaji wanapata nafasi. Timu nyingi za chuo zinaangalia pembeni, kocha anaonesha ishara, kijana anarusha kwa mtu wa kwanza aliye wazi. Unaweza kuwa na takwimu za kutisha bila kuwahi kusoma ulinzi kwa macho yako.

Mimi ninachotafuta ni jaribio la tatu (timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10), yadi nane au zaidi zimebaki, uwanjani wote wanajua pasi inakuja. Mpokeaji wa kwanza kabanwa. Macho yanakwenda wapi? Yakishuka kuwatazama wanaomkimbilia, napata wasiwasi. Yakibaki juu huku miguu inasogea hatua fupi fupi kutafuta upenyo, naweka alama. Halafu naangalia mchezo unaofuata baada ya kuangushwa vibaya. Huyo Stroud walisema mpango ukivurugika hawezi. Usiku wa mwisho wa 2022 chuo chake, Ohio State, walicheza na Georgia, ulinzi mkali, akatoka nyuma ya ukuta wake mara kwa mara, akarusha pasi za yadi 348 na za tachidauni (mabao) 4. Walipoteza 42 kwa 41, lakini aliyeitazama mechi ile hakuhitaji kompyuta.

Kwa hiyo mleta mada, sikubaliani kwamba ni shilingi. Ni kazi, na wengi wanaifanya vibaya kwa sababu wanaipenda saa ya kupimia mbio kuliko picha.

Mchangiaji, Atlanta

Jamani, na macho ya nani yanayotazama hizo picha? Mimi mtoto wa Mombasa, nimelea wana wawili huku Georgia, na mmoja alitaka kuwa kwotabeki tangu yu mdogo. Akiwa na miaka 14 kocha mmoja akamwambia una mbio, nenda ukapokee mpira. Hakumjaribu hata siku moja.

Warren Moon, kwotabeki mweusi, aliongoza chuo chake cha Washington kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978, akawa mchezaji bora wa mechi. Drafti ikapita raundi zote, hakuitwa. Akaenda Kanada, Edmonton, akatwaa vikombe vitano mfululizo. Leo yumo kwenye jumba la heshima la NFL. Mwaka uleule wa 1978 Doug Williams alichaguliwa raundi ya kwanza, na ilibidi ingojwe hadi Januari 1988 ndipo yeye awe kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl.

Mtasema ya kale. Lamar Jackson alikuwa amekwishapata Heisman, tuzo kubwa kuliko zote za chuo, na mwaka 2018 Bill Polian, aliyewahi kuendesha timu kubwa za ligi, bado alisema hadharani kwamba afadhali akawe mpokeaji. Wakachaguliwa makwotabeki wanne mbele yake, yeye akawa wa 32. Amekwishakuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Kocha wa Columbus, picha zake zilikuwapo. Zilitazamwa.

Mchangiaji, Columbus

Dada yangu, hapo sina la kujibu. Ni kweli tupu, na pole kwa kijana wako.

Mchangiaji, Nairobi

Sisi huku tunatazama usiku wa manane, lakini tunatazama. Indianapolis walimchukua Daniel Adongo wetu kutoka raga mwaka 2013, hajawahi kucheza mpira huo chuoni hata siku moja, wakakaa naye wakamfundisha. Swali langu: mbona kwotabeki hapewi huo muda? Josh Allen akiwa Wyoming pasi zilizofika zilikuwa asilimia 56. Msimu wa kwanza Buffalo, 52.8. Wangemtupa hapo nani angelalamika? Wakambadilishia wapokeaji, wakamwachia mwalimu yuleyule wa ushambuliaji, na 2020 akafika 69.2. Sasa huyo alipimwa vibaya ama alipikwa vizuri?

Mchangiaji, Dallas

Ndugu wa Nairobi, alipikwa vizuri, nakubali. Lakini ili umpike lazima kwanza umchukue. Na mleta mada bado hajagusa Cleveland.

Mwaka 2016 Cleveland walifanya hasa anachokihubiri. Walikuwa na namba 2, wakaiuzia Philadelphia, wakajaza kapu la nafasi. Philadelphia wakamchukua Carson Wentz. Msimu huo Cleveland walishinda mechi 1. Uliofuata, sifuri. Mechi 32, ushindi mmoja! Na huko Philadelphia, 2017, Wentz alishinda 11 kati ya 13 kabla goti halijakatika, Nick Foles akamalizia na wakachukua ubingwa. Mauzo yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Nenda kamwambie shabiki wa Cleveland aliyekaa kwenye baridi ile miaka miwili.

Mleta mada, Minneapolis

Mkuu wa Dallas, Cleveland umenibana, sitakwepa. Kuuza bila mpango wa nani atarusha mpira si hekima. Nilisema "iuze" kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa.

Lakini Burrow usimfanye kipimo. Kwa kila Burrow anayeangushwa mara 9 akasimama, kuna David Carr. Houston walikuwa timu mpya 2002, wakamchukua namba 1, wakamweka uwanjani siku ya kwanza. Akaangushwa mara 76 msimu mmoja, rekodi ya ligi. Macho yake yalijifunza kushuka, yaleyale macho anayoyasema kocha wa Columbus. Nani atajua angekuwa nani?

Niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa. Sam Darnold alichaguliwa wa 3 mwaka ule wa Lamar, akapelekwa New York kwenye timu ya Jets, makocha wakabadilika, akaitwa kila jina baya. Carolina, hivyohivyo. Alipokuja hapa Minnesota 2024 majirani zangu walicheka. Tulikuwa tumemchukua J.J. McCarthy, wa 10, goti likaumia kabla msimu haujaanza, ikabidi Darnold aanze. Alikuta kocha anayejua anachotaka, na wapokeaji wa kweli. Mechi 14 tulishinda. Nilikuwa uwanjani moja ya siku hizo, na watu waliokuwa wamemcheka walisimama wakalitaja jina lake. Mkono ulikuwa uleule wa Jets.

Kwa hiyo naurekebisha msimamo wangu, mnipige tena. Timu yenye namba 1 ijiulize kwanza: kocha huyu atakuwepo baada ya miaka miwili? Walinzi wa mbele wangapi wanastahili kuanza? Kuna mkongwe wa kuanza wakati kijana anasoma? Kansas City 2017 walikuwa na yote matatu. Walitoka kushinda mechi 12, wakapanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 ili wamchukue Patrick Mahomes, wakamkalisha nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu mwaka ule. Chicago, mwaka uleule, walitoa nafasi nyingine tatu ili wapande ngazi moja tu, wakamchukua Mitchell Trubisky aliyekuwa ameanza mechi 13 chuoni. Jibu likiwa hapana kwa mawili kati ya hayo, iuze, halafu mkongwe atafutwe siku hiyohiyo.

Mchangiaji, Dallas

Hapo sasa tunaongea. Ila Washington 2024 walimwanzisha Jayden Daniels siku ya kwanza, kocha mpya kabisa, timu iliyotoka kushinda mechi 4, wakafika mechi moja kabla ya Super Bowl. Kwa maswali yako matatu wangeiuza nafasi yao?

Mleta mada, Minneapolis

Wangeiuza, na ningekuwa nimekosea. Nipe mpaka kesho jioni, nikazitazame zile picha za Daniels akiwa LSU, jaribio la tatu peke yake.