Homa ya uti wa mgongo ya fangasi: wiki ya saba, kichwa kimerudi na macho hayaoni vizuri

nesi_ctc: Wakuu, naomba msaada. Mgonjwa wa VVU mwenye kriptokoka (fangasi wa homa hii) alipewa dawa za fangasi: amfoterisini ya liposomu dozi moja, na flusitosini na flukonazo kwa siku 14. Sasa yuko kwenye flukonazo 800 mg, ARV kaanza wiki ya tano. Kichwa kinauma upya, anaona ukungu, CrAg (kipimo cha kriptokoka) ya damu bado chanya. Fangasi karudi? Dozi ipandishwe?

tabibu_wodini: Dada, CrAg isikutishe. Inanasa ganda la fangasi hata akishakufa, na hubaki chanya miezi mingi. Jibu liko kwenye maji ya mgongo, na achomwe sindano ya kuyatoa leo. Kama upande mmoja wa mwili umelegea, picha ya CT ya kichwa itangulie. Alale ubavu, pima shinikizo la maji hayo kabla ya kutoa chochote. Likizidi sm 20, toa mL 20 hadi 30, pima tena, na urudie kila siku mpaka litulie. Sampuli ioteshwe: fangasi wakiota, tiba inaanza upya; wasipoota, yaelekea ni kinga inayoamka kwa ARV na kushambulia mabaki ya fangasi, na ARV haisimamishwi.

Deksamethasoni (dawa ya kutuliza uvimbe) msiikimbilie. Utafiti uliochapishwa 2016, Uganda na Malawi zikiwemo, ulikatizwa kwa sababu waliopewa tangu mwanzo wa tiba walipata ulemavu zaidi.

nesi_ctc: Manometa ya kupimia shinikizo hatuna.

tabibu_wodini: Mpira wa dripu tasa. Uunge kwenye sindano, usimamishe wima, pima kwa rula kuanzia usawa wa sindano hadi maji yalipokomea.

fizio_77: Ukungu huo usipelekwe kwenye miwani. Ni shinikizo linalobana mshipa wa fahamu wa jicho, na kila siku ya kuchelewa inapunguza nafasi ya kuona tena. Pimeni usikivu wa masikio pia.

Kinachosahaulika sana ni kumbukumbu. Mtu anatembea vizuri, anaitwa amepona, kumbe hakumbuki kama amemeza dawa. Akiacha flukonazo, fangasi hurudi kweli. Ndugu mmoja ashike vidonge na amwone akimeza: 800 mg kwa wiki nane, kisha 200 mg kwa mwaka au zaidi, mpaka CD4 (hesabu ya seli za kinga) ifike 100 na virusi vimefubaa, au 200 pasipo kipimo cha virusi. Ulizeni kama anatumia dawa za TB, maana rifampisini hushusha flukonazo mwilini.