Majani ya mu dembo: nitoe yote ama niache? (etangi pembeni ya Kafubu)

Mwana Kafubu
Jambo bandugu bote. Niko na kipande ya dembo (bonde ya mayi na mutope) pembeni ya mto Kafubu, huku Lubumbashi, na minataka kuchimba etangi (bwawa ya samaki) mbili za tilapia mvua ikisha kupita. Shida njo majani. Pembeni kuko matete marefu, ukiingia kidogo unakuta maua ya bluu yenye majani ya mviringo imelala juu ya mayi, kiisha kuko vile vidogo vidogo vya kijani vinafunika mayi yote, na chini kabisa kuko kitu kama nyuzi inashika miguu. Mutu wa kuchimba anasema tulete mashini tutoe yote mayi ibakie wazi. Muzee jirani anakatala, anasema mukisafisha vile mayi itageuka mutope na samaki itakufa. Kwa nini kuko aina mingi hivi pa fasi kidogo, na ipi nitoe ipi niache?

Mwalimu wa Bio
Ndugu, sikiliza huyo mzee, anajua dembo yake.

Aina ni nyingi kwa sababu kila moja imechagua kimo chake cha maji. Matete na mafunjo wanasimama pembeni, mizizi mu mutope, kichwa hewani. Mafunjo yanaweza kufika mita 4 hadi 5 na mizizi yake inasukana inashika udongo, ndiyo maana mvua kubwa ikishusha mchanga kutoka juu unabaki hapo, hauingii katikati. Ukiyang'oa yote, mchanga wote unakuja kwenye etangi, na huo ndio mutope mzee anaosema. Maua yako ya bluu ni yungiyungi, yanafunguka mchana, kuna ndugu yake mweupe anayefunguka usiku. Kata shina lake moja uangalie: ndani kuna mirija ya hewa, unaiona kwa macho bila lensi yoyote. Jani linapumua kwa upande wa juu tu kwa sababu chini ni maji, halafu hewa inashuka kwenye mirija ile mpaka kwenye mizizi iliyo katika mutope usio na oksijeni.

Nyuzi za chini mara nyingi ni Ceratophyllum. Haina mizizi kabisa, inaishi yote ndani ya maji na mchana inatoa oksijeni humo humo samaki wanamopumua, na watoto wa samaki wanajificha humo. Kuna nyingine zinafanana nayo zina vipuli vidogo kama punje, hiyo ni Utricularia, inakamata wadudu wa majini: mdudu akigusa nywele za kipuli anafyonzwa ndani mara moja, hata jicho halifuati. Inafanya hivyo kwa sababu maji ya fasi kama zile hayana chakula kingi. Mi nikiwaonyesha wanafunzi kipuli kile darasani hawataki tena kutoka.

Hesabu moja ya 2008 ilipata aina zaidi ya 2,600 za mimea ya majini duniani, na zaidi ya 600 kati yake ziko Afrika ya kusini mwa Sahara. Kwa hiyo usiseme "majani" tu.

Mutoto ya Bukama
Mi nimekomalia kule chini ku mto Lualaba, ku Bukama, na kama munataka kuona nguvu ya mafunjo mufike ku ziwa Kisale. Kule mafunjo inasukana mizizi mpaka inakuwa kisanga (kisiwa) yenye kuelea na bavuvi banajenga nyumba juu yake, banapika, banalala, watoto banakomalia pale. Unatembea na chini unasikia mayi inacheza. Sasa mutu wa mashini akuje aseme ile ni uchafu!

Lakini yaya, kuko moja usiachilie hata kidogo: kongo ya sika (gugumaji). Ile haikuwa ya kwetu, ilitoka Amerika ya Kusini, na miaka ya 1950 ilijaza mto Kongo mpaka mitumbwi inashindwa kupita. Inafunga mayi yote, mwangaza haushuki, zile nyuzi za chini zinakufa, kiisha oksijeni inaisha na samaki inafuata.

Infirmier Kenya
Miye naongeza ya afya. Ile yenye kufanana na saladi inaelea, Pistia, usiache ijae karibu na nyumba. Kuko mbu moja, Mansonia, watoto wake wanatoboa mizizi ya Pistia wanapumua hewa ya mule, hawapandi juu, kwa hiyo hata ukimwanga mafuta juu ya mayi hawakufi. Na konokono za bilharzia zinapenda kushikamana na majani, kwa hiyo watoto wasiingie mule kuoga.

Ingine: angalia juu ya mto kama kuko bantu wanasafisha madini. Matete inavuta kuivre (shaba) na kobalti na kuiweka sana sana mu mizizi. Inasaidia mayi, lakini mizizi ile usipatie nguruwe, na mayi uipimishe kwanza mbele ya kuweka samaki.

Mwana Kafubu
Aksanti sana bakubwa. Basi naacha matete na mafunjo pembeni, yungiyungi kidogo, nyuzi natoa nusu. Kongo ya sika nitaitambua namna gani? Kuko moja iko na maua ya mauve (zambarau).

Mutoto ya Bukama
Angalia mukia ya jani (kikonyo). Kama imevimba, ukiikamata ni nyepesi, ukiipasua ndani iko kama eponji, njo yenyewe. Ua ni mauve, petali ya juu iko na doa ya manjano. Toa na mikono mbele haijatoa ua, kokota mizizi yote, peleka mbali na mayi ukauke pa jua. Mbegu yake inaweza kulala mu mutope hata miaka 20, kwa hiyo kila mwaka mvua ikianza upite uangalie pembeni ya matete, njo pale vichanga vinajificha.

Mwalimu wa Bio
Na nyuzi usitoe siku moja. Toa upande huu, ngoja wiki kadhaa, kisha upande ule, samaki wapate fasi ya kuhamia. Zile ulizotoa usiziache zioze ndani ya maji, zitamaliza oksijeni, zipeleke kwenye shamba la mboga.