Hazina iliyopotea: ulisoma kitabu kwanza, kisha ukaona filamu? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu, habari za jioni. Mashimo ya Mfalme Sulemani nilikisoma nikiwa darasa la saba, nakala ya babu isiyo na jalada, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Kichwani mwangu Umbopa, yule mpagazi anayekuja kuwa mfalme, alikuwa na sura ya mjomba. Juzi nimeipata filamu ya 1950, mara naona mwanamama anamtafuta mumewe! Kitabuni ni Sir Henry, bwana wa Kiingereza, anayemtafuta mdogo wake. Iliniuma, maana kilichonivuta mimi ni ule undugu, almasi zilikuja baadaye. Nanyi je?

#2
Mkuu, hiyo ya 1950 niliitazama na bibi mzaa mama, mzaliwa wa Rwanda. Kiingereza hajui, alikuwa anachambua maharage yake tu. Walipotokea wacheza ngoma akaacha ungo. "Rudisha nyuma." Nikarudisha mara tatu. Alikuwa anaangalia nywele, amasunzu, zile zinazoachwa zisimame kama upanga wa jogoo. Akasema baba yake alinyoa hivyohivyo.

Filamu ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na aliyecheza Umbopa, Siriaque, ni Mtutsi. Kitabuni Wakukuana, kabila la Umbopa, ni watu wa kubuni, tena wa kusini mwa Afrika. Ukishika kitabu, filamu imekosea. Lakini mimi siwezi kuichukia tena.

#3
Tafuteni ya 1937. Umbopa ni Paul Robeson, yule mwimbaji Mmarekani mweusi, na anaimba humo ndani. Sauti ile niliisikia mpaka kifuani.

#4
Kwangu ni Kisiwa chenye Hazina. Mwalimu alitusomea kila Ijumaa kipindi cha mwisho. Alipofika pale kijana Jim kajificha melini kwenye pipa la matufaha, anamsikia Silver, mpishi ambaye kumbe ni haramia, akipanga uasi, kengele ikagonga. Hakuna aliyeinuka. Tufaha lenyewe hatukuwahi kuliona, mimi niliweka mapera.

Mwezi uliopita nimemwekea mwanangu filamu ya Disney ya 1950. Robert Newton, aliyecheza Silver, kazungusha macho mpaka mtoto akacheka, na mimi Silver sikuwahi kumcheka. Wa kitabuni anatisha kwa sababu ni mpole. Anakuita vizuri, anakusifia, na siku hiyohiyo anaua mtu.

Ila mwisho ndio uliotugombanisha. Mashua ya Silver imekwama mchangani, na Jim mwenyewe anaisukuma ili jamaa atoroke. Mwanangu akaniuliza, "Baba, kwa nini anamsaidia mwizi?" Nikamweleza kwamba kitabuni Jim hayupo kabisa, Silver anatoroka na mfuko wa fedha, na anayemfumbia macho ni Ben Gunn, yule baharia aliyekuwa ametelekezwa kisiwani. Hakuniamini. Akaenda kabatini kukitoa kitabu, na sasa hivi ninavyoandika yuko kitandani na tochi, kafika kwenye pipa.