Kamui, Teine au Niseko: siku mbili za ubao wa theluji Hokkaido, niende wapi?

Mwana_wa_Pangani
Wakuu habari zenu. Nasoma Sapporo, kaskazini mwa Japani, mwaka wa pili huu. Mwezi wa pili nina siku mbili za mapumziko na zote nataka ziishie kwenye ubao wa theluji (snowboard). Nimepanda mara nne tu maishani. Kushuka nashuka, ila nusu ya njia nashuka kwa makalio. Nimebaki na machaguo matatu: Niseko yenye jina, Teine iliyo hapa hapa mjini, na Kamui Ski Links ya Asahikawa, ambayo Wajapani wa maabara yetu hawaachi kuisifia, hasa wale wa ubao. Mfuko wenyewe ni wa mwanafunzi. Aliyefika anijuze tafadhali. Nawasilisha.

Mama_Theluji
Nimekaa Asahikawa miaka mitano, mwanangu, kwa hiyo chukulia kwamba naipigia debe Kamui.

Si mlima wa kutisha. Kilele kiko mita 751, chini mita 150. Gondola moja, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, inakufikisha juu, na zipo lifti za viti kwa walio na subira. Hoteli mlangoni hakuna, unalala mjini. Wateja ni watu wa Asahikawa wenyewe: wanafunzi, wazee waliostaafu, na vijana wa ubao wanaowahi asubuhi kabla theluji mpya haijachanwa na wengine. Siku ya kazi foleni ya gondola unaimaliza kabla hujavaa glovu.

Wanachokifuata hao vijana ni theluji. Upepo unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani ukizoa unyevu, na milima ya pwani inabeba mzigo wa kwanza. Hadi hewa ifike kwetu bara imekuwa baridi na kavu. Ukiifinya theluji ya Kamui haishikani, inakutoka vidoleni kama unga wa muhogo. Ukianguka humo hata huumii, kazi ni kuinuka tu.

Jambo jingine la watu wa ubao: njia bapa ni adui. Mwenye skii ana fimbo zake za kujisukumia, wewe unafungua mguu mmoja unasukuma kama mtoto na skuta huku watu wanakupita. Niseko ukihama eneo moja kwenda jingine utayajua hayo. Kamui ni ndogo, huna pa kuhamia.

Baridi sasa. Usiichukulie kirahisi. Joto la chini kabisa kuwahi kurekodiwa rasmi Japani, nyuzi 41 chini ya sifuri, lilipimwa Asahikawa tarehe 25 Januari 1902. Siku hizi haifiki huko, lakini asubuhi moja simu yangu yenye chaji asilimia 60 ilizimika mfukoni nikiwa juu kabisa. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Shemeji_wa_Likoni
Mama Theluji ameeleza vizuri lakini acha niitetee Teine. Kijana yuko Sapporo, kwa nini alipe treni ya kwenda Asahikawa, karibu saa moja na nusu? Teine unashuka stesheni ya treni ya JR, unapanda basi, umefika. Hapo ndipo slalomu, mbio za skii za kupinda kati ya vijiti, za Olimpiki ya 1972 zilifanyika. Juu, Highland, kuna miteremko mikali ya kukufanya usali. Chini, Olympia, ni pole, saizi yako. Na siku ya jua unaiona Ghuba ya Ishikari yote kule chini. Mimi mtu wa pwani, nikiona bahari nikiwa kwenye theluji moyo unatulia.

Ubaya wake ni wikendi. Sapporo nzima inahamia pale na watoto wao.

Kibarua_wa_Hirafu
Nimefanya kazi ya hoteli Niseko msimu mmoja. Ni maeneo manne yaliyounganishwa, na Mlima Yotei uko mbele yako siku ukikubali kujifunua. Pazuri, sibishi. Ila tiketi, chakula, kitanda, vyote bei ya mgeni. Bakuli la rameni lilinifanya nihesabu kwa shilingi, kosa kubwa. Sababu moja tu ya kukupeleka: ukitaka mwalimu wa Kiingereza, kule wamejaa. Kama Kijapani chako kinakutosha, waachie Waaustralia.

Mwana_wa_Pangani
Kijapani cha kuagizia chakula ninacho. Mama Theluji, nasikia pale watu wanapita katikati ya miti. Nami naweza?

Mama_Theluji
Kwa kupanda mara nne? Hapana, baba. Kaa kwenye njia zilizosawazishwa kwa mashine hadi ugeuke kulia na kushoto bila kufikiri. Theluji inayozunguka shina la mti ni laini na ina shimo chini yake. Mtu akiingia kichwa mbele hajitoi peke yake. Wenyeji huingia wawiliwawili, wanaitana. Na kamba ya kuzuia njia ikifungwa, imefungwa, hata kama unaona nyayo za wengine zimepita.

Utakapochoka ingia mkahawani, nunua kuponi kwenye mashine, kula wali wa kari. Na siku nikienda na lifti huwa namwangalia mzee wa zamu. Kila kiti kinachokuja anakifuta theluji kwa ufagio kabla hujakaa, anakuinamia kidogo, anarudi kwa kinachofuata. Kutwa nzima.

Shemeji_wa_Likoni
Usione haya kuanguka. Nagano 1998 Mkenya Philip Boit alimaliza wa mwisho kilomita 10 za skii, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mstarini amkumbatie. Michezo hiyohiyo ndimo ubao uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Bado nasema Teine lakini.

Kibarua_wa_Hirafu
Fanya hivi: siku ya kwanza Teine, katikati ya wiki, Olympia, unyooshe magoti. Ya pili panda treni ya alfajiri uende Kamui. Basi la kutoka mjini kwenda mlimani liangalie ratiba mapema, usilikose la kurudi. Na buti za kukodi uliza kabla, Japani wanahesabu kwa sentimita. Unavaa ngapi?

Mwana_wa_Pangani
30.

Kibarua_wa_Hirafu
Hahaha, wapigie simu leo. Mimi wa 29 nilishapewa za 28 kwenye duka moja huko nikaambiwa zitalegea. Hazikulegea. Kucha mbili nilizipoteza.

Mwana_wa_Pangani
Mrejesho wakuu. Nafuata mpango wa Kibarua. Kamui nimewapigia, dada wa mapokezi akaniomba nirudie namba mara mbili, kisha akaenda kuangalia mwenyewe. Jozi ya 30 ipo, moja tu. Ameiandika jina langu kwa katakana, herufi za Kijapani za majina ya kigeni.